Sola kwenye nchi ya theluji: jibu kwa dada wa Brooklyn Park

Dada mmoja, muuguzi anayeishi Brooklyn Park, Minnesota, ameniandikia hivi kwa ufupi. Kijana wa mauzo amebisha hodi kwake mara mbili mwezi huu, tableti mkononi, akimwambia bili ya umeme itakwisha kabisa na serikali itamrudishia asilimia 30 ya gharama. Mume wake anasema sola ni mambo ya Garissa na Lodwar, si ya nchi ambayo ziwa linaganda mpaka magari yanapita juu yake. Jirani yake amejiunga na kitu kinachoitwa bustani ya sola, na juu ya paa lake hakuna paneli hata moja. Kaka yake huko Kitale ana paneli sita na betri. Stima ikipotea, yeye hana habari. Swali lake ni hili: "Kila nikitoka nje ya mji naona mashamba ya paneli yameongezeka. Je, zinafanya kazi kweli huku, na mimi nifanye nini?"

Dada yangu, zinafanya kazi. Nimepanda mapaa ya Minnesota wakati wa jua na wakati wa theluji, na shemeji naomba anisamehe kwa hili: jua si tatizo la Minnesota. Ukitaka kujua kwa nini paneli zimeenea huko, na kama zinakufaa wewe, acha kutazama mbingu. Tazama bili na mkataba.

Lakini nianze na jua, maana najua halitawatoka kichwani mpaka niliseme.

Minneapolis iko kwenye nyuzi 45 za kaskazini, katikati kabisa ya safari ya kutoka ikweta hadi ncha ya dunia. Sisi tumezoea jua la utosini. Nairobi, saa sita mchana, jua halishuki chini ya nyuzi 65 siku yoyote ya mwaka, na linapita mara upande wa kaskazini, mara upande wa kusini. Kwenu, adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba, jua liko nyuzi 21 na kitu tu juu ya upeo, chini kiasi cha kukupiga machoni ukiendesha gari, na urefu wa mchana wenyewe hautimizi saa tisa. Juni inalipa deni: mchana unapita saa 15 na nusu. Hata siku moja halitapita kaskazini ya nyumba yako adhuhuri. Ndiyo maana paneli za Kitale zinaweza kulala karibu bapa, na za kwako lazima ziegemee na kutazama kusini. Kama paa lako lote linatazama kaskazini, mazungumzo ya paneli za juu ya nyumba yaishie hapo.

Ukijumlisha mwaka mzima, kilowati moja ya paneli iliyofungwa vizuri pande za Minneapolis inatoa kama yuniti 1,200 hadi 1,300. Ujerumani, nchi iliyokuwa ikiongoza dunia kwa sola miaka kadhaa, kilowati hiyo hiyo hutoa kama 1,000. Wajerumani hawakungoja jua la Lodwar. Tofauti yenu na sisi ni kwamba mavuno yenu ni ya msimu, kama mahindi: Juni na Julai zinatoa karibu mara tatu ya Desemba.

Na baridi? Baridi ni rafiki wa paneli. Paneli inakula mwanga, haili joto. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda juu ya 25, paneli inapoteza kama theluthi moja ya asilimia ya nguvu yake, ikishuka, inaongeza. Hapa ngoja nikuonyeshe jambo ambalo fundi wa kwetu hahitaji kulifikiria kabisa. Chukua paneli ambayo lebo yake nyuma inasema volti 49. Hizo ni volti za nyuzi 25. Asubuhi ya Januari, kipimajoto kikisoma 30 chini ya sifuri, jua likichomoza kwenye anga safi, paneli ile ile inatoa volti 56. Sasa, nyumba ya kuishi Marekani hairuhusiwi kupitisha volti 600 kwenye nyaya za sola. Fundi mgeni ataunganisha paneli 11 mfululizo, apige hesabu, 49 mara 11 ni 539, aone yuko salama. Ile asubuhi ya Januari zinafika 616, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, inaweza kuungua. Fundi anayeijua Minnesota anafunga kumi. Nilipoanza kazi huko nilikuwa napenda kupanda na mita yangu siku za baridi kali kuliko zote, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu, nizione zile namba zinapanda, kwa sababu zilikwenda kinyume na kila nilichokiamini. Mwulize yeyote anayetaka kukufungia: mnafunga paneli ngapi kwa mstari mmoja, na mmetumia baridi ya kiwango gani kwenye hesabu? Akibabaika, mshukuru, ufunge mlango.

Theluji inazuia, hilo ni kweli. Paneli iliyofunikwa haitoi kitu. Lakini inafunika katika miezi ile ile ambayo mavuno yenyewe ni kidogo, kwa hiyo hasara ya mwaka mzima huwa ya asilimia chache tu. Paa lenye mwinuko mzuri linajisafisha: jua likigusa ukingo mmoja wa kioo cheusi, theluji inalegea chini kwa chini na kuteremka yote kwa mpigo. Usipande kuipangua, na usiguse kioo kwa sepetu la chuma. Ila tazama inapoangukia. Kama ni juu ya mlango ambao watoto wanatokea kwenda kupanda basi la shule, mwambie fundi aweke vizuizi vya theluji, au asifunge paneli upande ule.

Sasa hayo mashamba unayoyaona barabarani.

Minnesota haina makaa ya mawe, haina mafuta wala gesi ya kuchimba. Kwa miaka mingi makaa yamekuwa yakija kwa treni kutoka Wyoming na Montana, na fedha zikiondoka kwa treni hiyo hiyo. Upepo ndio uliotangulia, na hadi leo mitambo ya upepo inatoa kama robo ya umeme wa jimbo; sola bado ni asilimia chache. Nakuambia hivi ili usidanganywe na wingi wa paneli machoni. Ila kasi yake ni ya kushangaza. Mwaka 2013 jimbo zima halikuwa na megawati 20 za sola. Leo zimepita 2,000.

Kilichotokea 2013 ni sheria. Bunge la jimbo lilipitisha, na Gavana Mark Dayton akatia saini, sheria iliyozitaka kampuni kubwa za umeme zipate asilimia 1.5 ya umeme wake kutoka jua ifikapo 2020, na ikaweka lengo la asilimia 10 kwa jimbo ifikapo 2030. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyozaa bustani ya jirani yako. Iliilazimu Xcel Energy, kampuni ambayo nadhani ndiyo inayokutumia bili, ipokee umeme wa mitambo midogo ya hadi megawati moja ambayo watu wengi wamenunua hisa zake. Unachukua fungu, umeme unaingia kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme, huko shambani, na thamani yake inatokea kwenye bili yako kama punguzo. Mpangaji wa ghorofa anaweza kujiunga. Mwenye paa linalotazama kaskazini pia, na mwenye mti mkubwa wa mwaloni ambao hana moyo wa kuukata.

Watengenezaji wakavamia, wakaenda kwa wakulima wakakodi kona za mashamba ya mahindi na soya, na kwa miaka kadhaa Minnesota ikawa na mpango mkubwa kuliko wote wa aina hiyo Marekani. Nami nina la kusema hapa, na linaniuma. Mpango uliouzwa kwa jina la jamii, sehemu kubwa ya umeme wake ilichukuliwa na shule, halmashauri za miji na makampuni, kwa sababu ni rahisi kusaini mkataba mmoja na mteja mkubwa kuliko kuzunguka nyumba 200. Mfanyakazi wa zamu ya usiku mwenye kipato kidogo, ambaye bili ndiyo inamkaba, alibaki nje. Ilichukua miaka kumi kurekebisha hilo. Sheria ya 2023 ilianzisha mpango mpya kuanzia 2024, ambapo bustani inaweza kufika megawati tano, lakini angalau asilimia 30 ya fungu lazima iende kwa kaya za kipato cha chini na cha kati. Kama mna ndugu waliofika karibuni kutoka Kakuma, Dadaab au Nyarugusu na bado wanaishi nyumba za kupanga, waambie waulize kuhusu huo mpango kwanza.

Mwaka huo huo wa 2023, mwezi Februari, Gavana Tim Walz alitia saini sheria nyingine: kampuni za umeme ziuze umeme usio na hewa ya ukaa kwa asilimia 100 ifikapo 2040. Hiyo ndiyo inayoeleza mashamba makubwa kupindukia. Ukichukua barabara ya I-94 kwenda St. Cloud, ng'ambo ya mto kule Becker, kuna mtambo wa makaa uitwao Sherco, mabomba yake ya moshi yanaonekana kutoka mbali. Mashine yake moja ilizimwa mwishoni mwa 2023. Pembeni yake zimepandwa paneli za mradi ambao ukikamilika wote ni megawati 710, na awamu ya kwanza ilianza kutoa umeme 2024. Weka hiyo kando ya mtambo wetu wa Garissa, ule wa megawati 50 tuliojivunia 2019, upate picha. Hawakuchagua Becker kwa sababu jua lake ni kali kuliko la miji mingine. Walichagua kwa sababu nyaya kubwa za kusafirisha umeme tayari zilikuwa pale, zimejengwa kwa ajili ya makaa, na kupata nafasi kwenye nyaya ndiyo kazi ngumu ya sola siku hizi kuliko kununua paneli.

Chini ya paneli hizo, mahali pengi, utaona maua badala ya kokoto. Mwaka 2016 Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza kuweka vigezo vya hiari vya kupanda mimea ya nyuki na vipepeo kwenye mashamba ya sola. Kwingine wanaingiza kondoo wafyeke nyasi. Ukipata Jumamosi ya mapumziko mwezi wa Julai, wapeleke watoto wakaone kondoo wamejilaza kwenye kivuli cha paneli. Watapenda.

Turudi kwenye meza yako na yule kijana.

Mita yako inahesabu pande mbili. Mchana wa Juni uko kazini, nyumba imetulia, paneli zinatoa kuliko friji inavyokula, na kinachozidi kinaenda kwa majirani. Minnesota, tangu miaka ya mwanzo ya 1980, mwenye mtambo mdogo chini ya kilowati 40 analipwa ziada yake kwa bei ile ile ya rejareja anayonunulia. Haya ni masharti mazuri kuliko ya majimbo mengi. Huko kwetu Kenya kanuni zimekuja juzi tu, na zinakupa nusu yuniti kwa kila yuniti uliyopeleka. Kwa hiyo Juni yako inaweza kusaidia kulipa Desemba yako. Lakini bili "itakwisha kabisa"? Hapana. Ada ya kila mwezi ya kuunganishwa inabaki. Na nyumba nyingi za Minnesota zinapashwa joto kwa gesi. Ile bili ya Januari inayokutoa jasho huenda ni ya gesi, na paneli haziigusi hata senti. Chukua bili zako za miezi 12, tenga gesi na umeme, kisha ndiyo uzungumze na mtu.

Tufanye hesabu ya mfano. Paneli 18 za wati 400 ni kilowati 7.2. Kwa mwaka zitatoa kama yuniti 9,000. Tuchukulie yuniti ni senti 16. Hiyo ni dola 1,440 kwa mwaka. Kama fundi amekutajia dola 23,000, fedha yako inarudi baada ya miaka 16 hivi, bei ya umeme isipopanda. Paneli kwa kawaida zina dhamana ya miaka 25. Si biashara mbaya, si ya miujiza.

Ile asilimia 30 ndiyo iliyokuwa ikishusha miaka 16 kuwa 11. Na hapo kijana amekukosea. Nafuu hiyo ya kodi kwa mwenye nyumba anayenunua paneli zake ilifutwa na sheria ya Julai 2025. Mwisho wake ulikuwa tarehe 31 Desemba 2025. Huwezi kuidai kwa paneli utakazofunga leo. Kampuni zinazomiliki paneli na kuzikodisha ziliachiwa muda zaidi, na ndiyo sababu vijana wa mlangoni sasa wanasukuma mikataba ya kukodi. Kwa hiyo muulize waziwazi: hii asilimia 30 inaingia kwa nani, kwangu au kwa kampuni yenu? Na hata wakati ipo, haikuwa hundi ya serikali. Ilikuwa inakata kodi unayodaiwa. Asiyedaiwa kodi ya kutosha mwaka ule hakuipata yote mara moja. Nimekaa na familia, watu wa kwetu, waliosaini wakisubiri hundi mpaka Aprili ikapita. Walikuwa wameshaahidi hiyo fedha kwa ada ya chuo ya mtoto.

Ukikopa, soma bei mara mbili: bei ya kulipa taslimu na bei ya mkopo, kwa mtambo ule ule. Mwaka 2024 Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, Keith Ellison, aliwashitaki wakopeshaji wanne wa sola akidai walikuwa wanaficha ada kubwa ndani ya bei, ili riba ionekane ndogo. Ukiambiwa dola 28,750 kwa mkopo wa riba ndogo, na taslimu ni 23,000, basi riba yako umeshailipa kabla hujaanza. Ile miaka 16 imekuwa 20. Ukikodi, tafuta kifungu cha ongezeko la kila mwaka, na kinachosema itakuwaje ukiuza nyumba. Wengi wetu huuza baada ya miaka saba, minane, watoto wakikua. Mnunuzi lazima akubali kurithi mkataba wako, na asipotaka, mauzo yanakwama.

Kuhusu kaka yako wa Kitale, hili nalo lazima ulijue kabla ya baridi ijayo. Mtambo wake una betri, unaishi peke yake. Mtambo wa kawaida wa Brooklyn Park hauna betri na umefungwa kwenye gridi. Umeme wa mtaa ukikatika, inveta inajizima papo hapo, hata kama jua linawaka. Si ubovu. Inafanya hivyo ili isimuue fundi wa kampuni anayeshika waya akidhani umekufa. Ukitaka taa wakati wa dhoruba, unahitaji betri na swichi ya kuitenga nyumba na gridi, na hiyo ni maelfu ya dola zaidi. Betri yenyewe ikae ndani, gereji isiyopashwa joto haifai, maana betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri. Kama mama mkwe anaishi nanyi na anatumia mashine ya oksijeni, ningeifikiria. Vinginevyo umeme wa mjini kwenu haukatiki mara nyingi kiasi hicho.

La mwisho ni paa lenyewe. Vigae vya lami vya Minnesota havidumu kama mabati yetu, na mvua ya mawe ya Juni inavichakaza. Kama vyako vina miaka 15, ukifunga paneli leo utalipa kuzishusha na kuzipandisha tena pale vigae vitakapobadilishwa. Anza na paa. Pigia bima simu uulize kama paneli zinaingia kwenye bima ya nyumba, na kama malipo yatapanda.

Ningekuwa mimi kwenye nafasi yako, nisingesaini chochote mlangoni. Mwezi huu ningemwuliza jirani anionyeshe mkataba wake wa bustani: punguzo ni kiasi gani kwa kila yuniti, linabadilika vipi mwaka hadi mwaka, na kujitoa kunagharimu nini ukihama. Fungu lisizidi asilimia 120 ya umeme unaotumia kwa mwaka, hicho ndicho kikomo. Bustani kwa kawaida haikuombi fedha ya kuanzia wala haigusi paa, kwa hiyo kama masharti ni safi, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukiamua unataka paneli zako mwenyewe, chukua makadirio matatu kutoka kwa mafundi wenye leseni ya umeme ya jimbo, yote kwa bei ya taslimu, na uyaweke kando kwa kando. Yule kijana akirudi Jumamosi, mwombe akuachie mkataba mtupu uusome na shemeji. Akikwambia bei hii ni ya leo tu, mjibu kwamba jua la kesho litakuwepo, na umrudishie tableti yake. Halafu toka nje na simu, simama barabarani mbele ya nyumba adhuhuri, uone dira inasema kusini ni upande gani wa paa lenu, na kivuli cha ule mti kinaishia wapi. Nitumie hizo picha pamoja na bili za miezi 12, nikupigie hesabu ya nyumba yako mwenyewe.